Ametaja Bei, Hakulipa: Kikundi Kifanye Nini?

Somo la vikundi vya kujisaidia



Tunapotembelea vikundi vyetu siku hizi tunakuta simu ya kupiga picha imekaa mezani pamoja na daftari na mhuri wa kikundi. Hayo ni maendeleo. Akina mama wanasuka viondo, wanavipiga picha, wanaviweka kwa WhatsApp au Facebook, halafu watu wa Nairobi, Mombasa na hata ng'ambo wanashindana kutaja bei. Mnada unafungwa, mshindi anatangazwa, watu wanapiga makofi. Halafu mshindi anapotea. Pesa haionekani, simu haishikwi, na kiondo kimebaki kimening'inia ukutani.

Somo letu ni juu ya mtu huyo: aliyetaja bei ya juu na hakulipa. Tutamtazama bila hasira, maana hasira haijawahi kununua mkonge.

Lengo la somo: Mwisho wa kikao, kikundi kiwe na masharti yake ya mnada yaliyoandikwa, kijue cha kufanya siku baada ya siku mnunuzi asipolipa, na kiwe na njia ya kulinda pesa na umoja wa wanachama.

Muda: Saa mbili. Mkikosa muda, gawanyeni somo kwa vikao viwili.

Vifaa: Daftari la mauzo, kalamu, karatasi kubwa ya ukutani, na simu ya kikundi.

HATUA YA KWANZA: TUONE

Kiongozi achague watu watano waigize mchezo huu mfupi. Wengine wakae kwa duara na kutazama.

Katibu (akiangalia simu): Mama Mwenyekiti, leo ni siku ya saba. Yule wa kiondo chekundu hajatuma kitu.

Mwenyekiti: Si alisema anatuma Ijumaa?

Katibu: Alisema Ijumaa, halafu akasema mwisho wa mwezi. Sasa hata simu hashiki.

Mama Msusi: Na mimi je? Kiondo hicho nimekisuka wiki tatu. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mliniambia kimenunuliwa kwa shilingi 3,000!

Mweka Hazina: Kilinunuliwa kwa mdomo, mama. Kwa sanduku hakuna kitu.

Mwanachama: Si kulikuwa na dada mwingine aliyetaja 2,600? Yeye yuko wapi?

Katibu: Nilimwambia ameshindwa. Nafikiri amenunua kwingine.

Mwanachama: Basi tuweke picha na nambari ya huyu mwizi kwa Facebook, Kenya nzima imjue!

Mama Msusi: Mkiiweka, karo italipwa?

(Kimya.)

Maswali ya kujadiliana, watu watatu watatu:

1. Tumeona nini katika mchezo huu?
2. Je, jambo hili limewahi kutokea kwetu? Lilikuwaje?
3. Nani ameumia zaidi, na kwa nini?
4. Ni neno gani moja Mama Msusi aliambiwa ambalo halikuwa kweli?

Kiongozi, usiharakishe swali la nne. Wacha watu walitafute wenyewe. Neno lenyewe ni "kimenunuliwa". Kiondo hakikuwa kimenunuliwa. Kilikuwa kimetajwa bei tu. Kati ya kutaja bei na kulipa kuna mto, na mto huo ndio unaozamisha vikundi vingi.

HATUA YA PILI: TUCHUNGUZE

1. Mnada wa kanisani na mnada wa simu

Mnada si kitu kigeni kwetu. Baada ya Misa ya mavuno tunanadi jogoo, mkungu wa ndizi na debe la mahindi. Baba mmoja anataja 800, mwingine anasema 1,000, na jogoo anachukuliwa. Hata kama mtu anasema "nitaleta Jumapili", hatuogopi sana. Tunamjua yeye, tunamjua mama yake, na jumuiya yake ndogo inajua anapokaa. Aibu peke yake itamlipisha.

Kwa simu hakuna aibu ya namna hiyo. Mtu anataja bei akiwa kitandani, hatumwoni uso wala hatujui jina lake la kweli. Basi kazi iliyokuwa inafanywa na ujirani, sasa lazima ifanywe na masharti yaliyoandikwa. Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili.

2. Kwa nini mtu asilipe?

Tusiseme haraka kwamba kila asiyelipa ni mwizi. Tukichunguza tutaona sababu nyingi:

- Alitaja bei kwa kushindana tu, roho ikapanda, asubuhi akaangalia mfuko akaona hauna kitu.
- Hakuambiwa mapema gharama ya usafiri. Alifikiri ni 3,000, kumbe na parseli ni 3,400.
- Hakujua alipe wapi, au alitumiwa nambari mbili tofauti, akaogopa kutapeliwa.
- Ameugua, amefiwa, au simu imeibwa.
- Ametaja bei katika minada mitatu kwa siku moja akitaka kuona ipi itakuwa rahisi.
- Ni mtu wa mchezo, au ni tapeli kamili.

Sababu ya pili na ya tatu zinatoka kwetu sisi wauzaji. Iko nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja kikaoni: wakati mwingine mwanachama, au shemeji wa mwanachama, anataja bei ya uongo ili kuwapandisha wengine. Akiwapita wote, anakuwa "mshindi", na bila shaka hatalipa. Huyo hakutoka Nairobi kuja kutuharibia mnada. Tuko naye hapa kwenye duara. Kutaja bei ya uongo ni udanganyifu, na sheria ya Kenya inamruhusu mnunuzi kuuona hivyo kama muuzaji ameshiriki mnada wake kwa siri.

3. Hasara ni ngapi?

Tuandike kwa karatasi kubwa, kila mtu aone. Huu ni mfano. Wekeni hesabu yenu wenyewe.

Mkonge na rangi: 600
Mikanda ya ngozi: 500
Nauli ya kwenda sokoni: 200
Data ya simu: 50
Jumla: shilingi 1,350

Kiondo kikilipwa 3,000, kinabaki 1,650 cha jasho la msusi na mfuko wa kikundi. Kikiuzwa kwa yule dada wa 2,600, kinabaki 1,250. Tofauti ni shilingi 400 tu. Lakini tukimfuata mshindi aliyepotea mwezi mzima, zile 1,350 zimelala ukutani na haziwezi kununua mkonge mwingine. Viondo vitatu vikilala hivyo, shilingi 4,050 zimelala. Kwa hiyo mara nyingi 2,600 ya wiki hii ni bora kuliko 3,000 ya ndoto.

4. Wengine wamefanyaje?

Mwaka 1995 huko California, Marekani, Bw. Pierre Omidyar alianzisha mnada wa intaneti ambao leo unaitwa eBay. Watu wasiojuana walianza kuuziana vitu, na shida ya wasiolipa ikawa shida yao pia. Hebu tuangalie masharti yao, tuchukue yanayotufaa.

Kwanza, kwa kawaida mshindi wa mnada anapewa siku nne za kulipa. Siku ya tano ikifika bila malipo, muuzaji anaruhusiwa kuvunja mauzo, na asiyelipa anaandikiwa alama mbaya kwenye kumbukumbu zake.

Pili, muuzaji anaweza kuwaendea walioshindwa na kumwambia mmoja wao: kitu bado kipo, ukitaka ni chako kwa bei uliyoitaja mwenyewe. Hii inaitwa nafasi ya pili. Anayepewa hashurutishwi, anaweza kukubali au kukataa.

Tatu, muuzaji anaweza kumzuia mtu fulani asishiriki tena minada yake.

Nne, tangu mwaka 2008 wauzaji wa eBay hawaruhusiwi kumwandikia mnunuzi maneno ya kumchafua mbele ya watu. Waliona wauzaji wengine wakitumia maneno kama fimbo ya kulipiza kisasi. Adui wa asiyelipa akawa utaratibu, si matusi.

5. Sheria ya Kenya inasema nini?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaujua mnada tangu zamani. Katika mnada wa nyundo, mauzo yanakamilika nyundo inapogongwa au ishara nyingine ya kawaida inapotolewa. Kabla ya hapo mtu anaweza kuondoa bei yake. Sisi kwa simu hatuna nyundo, kwa hiyo lazima tuandike wazi mnada unafungwa siku gani na saa ngapi, na ni neno gani linaufunga.

Sheria hiyo pia inamlinda muuzaji ambaye hajalipwa. Kama hamkukubaliana kukopeshana, una haki ya kushikilia mali yako mpaka ulipwe. Na ukimjulisha mnunuzi kwamba unakusudia kumuuzia mtu mwingine, naye asilipe katika muda unaofaa, unaweza kukiuza tena. Mmeona? Ule ujumbe wa kumpa siku ya mwisho si adabu tu. Una nguvu ya sheria. Msiuze kwa mtu wa pili kabla ya kuutuma.

Lakini tuelewe: mtu kushindwa kulipa deni si sawa na kuiba. Polisi hawatamkamata kwa sababu alitaja 3,000 akakosa pesa. Kutuma ujumbe bandia wa malipo ili achukue mali, hapo ndipo ni udanganyifu, na kesi inakwenda polisi.

HATUA YA TATU: TUTENDE

A. Kabla ya mnada: masharti

Kila mnada uanze na masharti mafupi, yabandikwe juu kabisa kabla ya picha ya kwanza. Tunapendekeza haya, ninyi mrekebishe:

"Karibuni mnada wa kikundi. Bei ya kuanzia ni shilingi 1,800. Kila anayeongeza, aongeze angalau 100. Mnada unafungwa Jumamosi saa mbili usiku, katibu atakapoandika UMEFUNGWA. Usafiri wa parseli hauko ndani ya bei. Mpaka Nairobi ni 400. Mshindi alipe katika siku nne kwa Till ya kikundi. Asipolipa, kitu kitapewa aliyemfuata. Hatutumi kitu kabla ya malipo. Wanachama na jamaa zao hawaruhusiwi kutaja bei."

Kwa kitu cha bei kubwa, kama viondo ishirini vya duka moja, ombeni arubuni, yaani malipo ya kianzio, kabla ya kuanza kusuka. Mtu aliyetoa hata robo ya pesa hapotei kwa urahisi. Mwandikie stakabadhi, na muelewane mapema arubuni itarudishwa lini na haitarudishwa lini.

Pesa ziingie Till ya kikundi au akaunti ya kikundi, si simu ya mwanachama mmoja. Hii inamtuliza mnunuzi, na inawatuliza wanachama pia.

B. Baada ya mnada: siku baada ya siku

Siku ile ile. Katibu amwandikie mshindi: "Hongera, dada. Kiondo chekundu ni chako kwa 3,000. Na usafiri 400, jumla 3,400. Lipa kwa Till hii kabla ya Jumatano saa mbili usiku. Ukishalipa tutatuma kesho yake. Asante kwa kuunga mkono kazi ya akina mama." Na wale waliofuata waandikiwe: "Asante. Wewe ni wa pili. Mshindi asipokamilisha, tutakuuliza wewe kwanza." Katibu wa mchezo wetu alisahau hapo. Msimwambie mtu wa pili ameshindwa. Mwambieni angoje.

Siku ya pili. Kumbusho la upole: "Habari ya leo? Tunakukumbusha kiondo chako. Kama kuna shida ya malipo tuambie, tusaidiane."

Siku ya tatu. Pigeni simu. Wawe watu wawili, mmoja azungumze, mwingine asikilize na kuandika. Ulizeni, msishtaki. Akisema ukweli kwamba hana pesa, mshukuruni na mumwache aende kwa amani. Akiomba siku, amueni pamoja, msiamue peke yenu kwenye simu. Kuongeza muda kuwe mara moja tu, na muda huo uandikwe.

Siku ya nne. Ujumbe wa mwisho: "Tunakujulisha kwamba kama malipo hayataingia kufikia leo saa mbili usiku, tutamuuzia mtu mwingine kiondo hiki. Karibu wakati mwingine."

Siku ya tano. Funga. Mwandikieni wa pili: "Kiondo bado kipo. Ukitaka ni chako kwa 2,600 uliyotaja. Tuambie kufikia kesho." Akikataa, nendeni kwa wa tatu. Wote wakikataa, kiondo kinarudi mnada ujao. Hakuna aliyekufa.

Hapa kuna swali la haki. Kama mshindi wa kwanza alikuwa wa uongo, ni yeye aliyempandisha huyu wa pili mpaka 2,600. Wa tatu alikuwa ameishia 2,100. Je, ni haki kumdai wa pili 2,600? Sheria haimlazimishi kununua, na sisi tusimlazimishe. Vikundi vingine vinaweza kuamua kumpunguzia kidogo. Jadilianeni kabla haijatokea, muandike uamuzi wenu.

C. Je, pesa imeingia kweli?

Wako wanaosema "nimelipa" na hawajalipa. Hawa ni hatari kuliko waliopotea, maana wanachukua na kiondo.

- Msiamini picha ya ujumbe wa M-Pesa. Picha inatengenezwa. Hata ujumbe ulioingia kwa simu yenu, angalieni umetoka kwa nani; ukitoka kwa nambari ya kawaida ya simu badala ya jina MPESA, ni bandia.
- Mweka hazina aangalie salio au taarifa ya Till. Salio likiongezeka ndipo aseme "imeingia".
- Ujumbe wa kitapeli utumeni kwa 333, nambari ya Safaricom ya kuripoti.
- Mtu akipiga simu akilia kwamba ametuma pesa nyingi kwa makosa na anaomba mmrudishie haraka, msitume kitu. Angalieni salio kwanza. Aliyekosea kweli anaomba kurudishiwa kupitia Safaricom kwa kutuma ujumbe wa muamala huo kwa 456.
- Mnunuzi wa ng'ambo akituma hundi ya pesa nyingi kuliko bei, halafu aombe mumtumie chenji, huo ni mtego wa zamani. Hundi itarudi baada ya wiki kadhaa, na chenji yenu imekwenda.
- Msitume parseli kwa basi kwa ahadi ya "nitalipa nikiipokea" kwa mtu msiyemjua. Asipokwenda kuichukua, mnalipa usafiri wa kwenda na wa kurudi.

D. Tusimchafue mtu

Yule mwanachama wa mchezo alitaka kuweka picha na nambari ya mnunuzi kwa Facebook. Tunaelewa uchungu wake. Lakini fikirini: kama mtu huyo alikuwa hospitali? Kama nambari ni ya mtu mwingine? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia ovyo habari za mtu, na aliyechafuliwa jina anaweza kuwashtaki ninyi. Mtajikuta mnadaiwa na yule mliyekuwa mnamdai. Inatosha kumwandika kwa daftari la kikundi na kumwondoa kwa minada yenu.

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 18, anatufundisha njia ya kumwendea aliyekosa: kwanza nenda kwake faraghani, asiposikia nenda na mmoja au wawili, ndipo jambo lifike mbele ya jumuiya. Tazameni jinsi hatua zetu za siku nne zinavyofuata njia hiyo. Na Mtume Yakobo, sura ya 5, anawaonya vikali wanaozuia mshahara wa mfanyakazi. Onyo hilo linamhusu mnunuzi asiyelipa. Linatuhusu na sisi, kama pesa imeingia na Mama Msusi hajapewa haki yake.

E. Deni likiwa kubwa

Kama mali imekwisha kwenda na pesa haikuja, kwa mfano duka limechukua viondo thelathini, msikae kimya. Andikeni barua ya madai. Jaribuni usuluhishi kupitia wazee, chifu au ofisi ya haki na amani ya kanisa. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi imalizike katika siku 60. Ulizeni kwa mahakama iliyo karibu kama huduma hiyo ipo kwenu.

Mahakama itauliza ushahidi. Kwa hiyo msifute ujumbe. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha masharti, bei aliyotaja, tarehe na majibu yake. Tunzeni risiti ya parseli.

F. Daftari la safu tatu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la mauzo, muongeze safu tatu mbele ya jina la kila kitu:

KIMETAJWA BEI – tarehe, jina, kiasi.
KIMELIPWA – tarehe, nambari ya muamala, sahihi ya mweka hazina.
KIMETUMWA – tarehe, basi, nambari ya parseli.

Kisha mkubaliane sheria moja ambayo haivunjwi: safu ya tatu haijazwi kabla ya ya pili, na hakuna mwanachama anayeambiwa "kimenunuliwa" kabla mweka hazina hajatia sahihi. Mkifanya hivyo, Mama Msusi hatapanga karo juu ya pesa ambayo haipo. Ataambiwa, "Mama, kimetajwa 3,000. Tungoje tuone." Hayo ni maneno ya kweli, na anaweza kujipanga nayo.

Na je, mnunuzi akipotea, hasara iwe ya msusi peke yake? Hapana. Yeye amesuka, kuuza ni kazi ya kikundi. Vikundi vinaweza kutenga sehemu ndogo ya kila mauzo, tuseme shilingi 50 kwa kila kiondo, iwe akiba ya shida. Mauzo yakivunjika, msusi anaazimwa kutoka hapo arudishe gharama yake ya mkonge, naye analipa kiondo kikiuzwa. Umoja wa kikundi unaonekana siku ya hasara. Siku ya faida kila mtu ni rafiki.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Bei iliyotajwa si pesa. Pesa ni ile mweka hazina aliyoiona kwa salio.
2. Masharti yatangulie, mnada ufuate.
3. Siku nne za kulipa, siku ya tano aulizwe wa pili.
4. Ujumbe wa mwisho utumwe kabla ya kuuza kwa mwingine.
5. Tusitaje bei ya uongo katika mnada wetu wenyewe.
6. Msusi asibebe hasara peke yake.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA KIKAO KIJACHO

a) Andikeni masharti yenu kwa karatasi moja, yapitishwe na wanachama wote, yatiwe mhuri.
b) Chagueni nani ataandika ujumbe, nani atathibitisha pesa na nani atapeleka parseli. Wawe watu watatu tofauti.
c) Pigeni mistari ya safu tatu kwa daftari, mjaze mauzo yote ya miezi mitatu iliyopita. Hesabuni: ni mangapi yalitajwa, ni mangapi yalilipwa?
d) Igizeni mchezo ule tena, lakini sasa katibu na mwenyekiti wafuate hatua za siku tano. Mwulizeni Mama Msusi anajisikiaje safari hii.

Ndugu na dada, soko la simu ni kubwa na lina watu wengi wema. Tusiliogope kwa sababu ya wachache wanaopotea. Tuingie tukiwa na daftari kwa mkono mmoja na subira kwa mkono mwingine. Mwenyezi Mungu abariki kazi ya mikono yenu.